Muhuri wa HT si kinga ya mchwa: jibu kwa dada mwenye paleti tano uani

"Habari yako, fundi. Nimehamia Kireka, pembeni mwa Kampala, kutoka Busia, tumepanga vyumba viwili. Kaka yangu anafanya kazi kwenye ghala huko Namanve na mkubwa wake amemruhusu kuchukua paleti tano, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, walizotaka kuzitupa. Nataka kutengeneza rafu ya ukutani, kibao cha kutundikia makoti na mikoba, na meza fupi ya sebuleni. Mbili zina muhuri wa HT, moja ina MB, moja haina muhuri wowote na inadondosha unga, na moja imepakwa rangi ya buluu. Jirani anasema paleti zote zina sumu. Fundi wa hapa mtaani anasema za HT zimetiwa dawa, mchwa hawazigusi, na zile nyingine nizipake oili chafu ya gari. Nina mtoto wa miezi tisa anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Nimsikilize nani?"

Salama, dada yangu, na karibu Kireka. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ya huyo mtoto wa miezi tisa. Kama asingekuwepo ningekujibu kwa maneno machache. Kwa kuwa yupo, tuzipitie paleti zako moja moja.

Jirani yako amekosea, na fundi wako amekosea zaidi, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Zile mbili za HT, zikipita ukaguzi nitakaokueleza, zinatosha kwa kazi zote tatu unazotaka. Tatu zilizobaki usiziingize ndani.

Tuanze na muhuri, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ile alama iliyochomwa kwa moto au kupigwa kwa wino ubavuni mwa paleti haihusu nyumba yako. Inahusu mipaka ya nchi. Mwaka 1996 huko New York waligunduliwa mbawakawa wakubwa weusi wenye madoa meupe wakiila miti ya barabarani kutoka ndani. Asili yao ni Asia, na inaaminika walisafiri ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Hofu ya wadudu kama hao ndiyo iliyozifanya nchi zikubaliane, mwaka 2002, juu ya kanuni iitwayo ISPM 15: mbao zinazobeba mizigo kuvuka mipaka lazima kwanza zishughulikiwe ili wadudu waliomo wafe. Ukiutazama muhuri vizuri utaona mchoro wa suke na herufi IPPC, kisha herufi mbili za nchi (UG ni Uganda, KE ni Kenya, CN ni China, IN ni India), namba ya aliyeitengeneza au kuishughulikia, na mwisho herufi za njia iliyotumika.

HT ni joto. Mbao huingizwa kwenye tanuri mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi na kubaki hapo dakika 30 mfululizo. Basi. Hakuna dawa iliyopakwa, hakuna iliyopigwa sindano. Kwa hiyo jirani anaposema paleti zote zina sumu, hizi mbili zinamkanusha. Lakini hapohapo na fundi wako naye anaanguka, kwa sababu joto huua kilichomo siku ile na haliachi chochote nyuma cha kumzuia anayekuja kesho. Ni kama maziwa yaliyochemshwa: yakishapoa na kuachwa wazi, inzi anatua vilevile. Nilijifunza hili kwa hasara. Nilimtengenezea mteja benchi zuri la paleti za HT, nikaliweka kwenye veranda yake ya udongo nikiamini muhuri utalilinda. Kabla mvua za Septemba hazijaisha, miguu miwili ilikuwa imejaa udongo wa mchwa ndani kama kichuguu.

Kuna jambo jingine ambalo muhuri hausemi: kilichomwagika juu ya paleti baada ya kutoka tanurini. Paleti iliyofika kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Malaba inaweza kuwa ilibeba sabuni safari ya kwanza, saruji ya pili, na dawa za kuua wadudu wa mashambani safari ya tatu. Hapa shahidi wako mkuu ni kaka yako. Muulize hasa ghala lao linahifadhi nini. Akikutajia dawa za kilimo, viuatilifu, betri au kemikali za kiwandani, ziache hata kama zina muhuri wa HT. Akikutajia vigae, vinywaji, karatasi au nguo, endelea na ukaguzi: zitoe juani, zitazame pande zote mbili, na uziinamie unuse. Ubao safi unanukia ubao, na msonobari unanukia utomvu wake. Doa lenye mafuta, ukoko mweupe au wa kijani, harufu inayochoma pua au inayokukumbusha duka la pembejeo, hayo yanatosha kuikataa. Usijaribu kuiosha. Kimiminika kikishaingia kwenye nyuzi za ubao, maji ya sabuni hayakifuati huko, na msasa utakigeuza kuwa vumbi utakalolivuta.

Sasa ile ya MB. Herufi hizo ni za bromidi ya methili, gesi ambayo mbao hufukizwa nayo zikiwa zimefunikwa. Hapa jirani yako ana haki kidogo, kwa kuwa gesi hiyo ni sumu kali. Ila nisikutishe kupita kiasi. Haikai ndani ya ubao kama rangi ikaavyo. Sehemu kubwa hutoka yenyewe mbao zikipata hewa, na anayekuwa kwenye hatari kubwa ni mfanyakazi anayefukiza. Dunia imekuwa ikiiondoa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, lakini mkataba uliacha nafasi kwa kazi za karantini, na ndiyo maana mihuri ya MB bado inatufikia. Umoja wa Ulaya wenyewe uliacha kuitumia mwaka 2010. Ningekuwa mimi, mwenye mtoto anayelamba kila kitu, nisingeiingiza sebuleni wakati ziko mbili safi pembeni yake. Iweke uani uwekee jerikeni na ndoo za kufulia juu yake. Wala usiipasue kuwa kuni za jikoni.

Isiyo na muhuri mara nyingi ni ya hapahapa nchini, iliyopigwa misumari na mafundi wetu kwa mbao za msonobari au mkaratusi, haijawahi kuvuka mpaka na kwa hiyo hakuna aliyeidai alama. Kukosa muhuri si ushahidi wa sumu. Ni kwamba huna habari zake. Kinachonisumbua kwenye paleti yako ni ule unga. Kung'uta kipande juu ya karatasi nyeusi uutazame. Ukiwa laini kama unga wa muhogo, na ubao una vitundu kama vya pini, ni dumuzi wa mbao. Ukiwa punjepunje, kila punje kama mbegu ya mchicha, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, wale wasiohitaji udongo wala maji. Futa yote, weka karatasi safi chini yake, rudi baada ya wiki moja. Unga mpya ukionekana, wadudu wako hai. Watu watakushauri uianike juani chini ya nailoni nyeusi. Juu ya ubao patakuwa moto kweli, lakini kuna hakika gani kwamba kiini nacho kimefika nyuzi 56 na kukaa nusu saa nzima? Usiweke dau hilo kwenye nyumba yenye kitanda, kabati na dari ya mbao. Iondoe hapo uani mapema, kwa sababu wakishakomaa wanatoka na kutafuta ubao mwingine.

Ile ya buluu irudishe Namanve. Paleti za buluu aghalabu ni za CHEP, kampuni inayozikodisha na haiziuzi. Mkubwa wa kaka yako pengine alitoa ruhusa kwa moyo mwema, lakini huwezi kupewa kitu na asiyekimiliki. Sitaki kaka yako aingie matatani kazini kwa ajili ya rafu.

Kuhusu oili chafu, dada, hapa nakusihi. Najua inapakwa kwenye nguzo za ua na miguu ya mabanda toka Arua mpaka Mbarara, na najua inasaidia kidogo. Oili iliyokwisha kuzunguka ndani ya injini imebeba masizi, vumbi la vyuma na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani zikikaa kwenye ngozi mara kwa mara. Haikauki kabisa. Inabaki ikitoka kidogokidogo, inaingia kwenye mikono ya mtoto na kutoka hapo inaenda mdomoni. Iachie nguzo za ua, na hata huko mvae glavu.

Ndani ya nyumba kinga kubwa ya mchwa wa ardhini ni kuwatenganisha na ubao. Wao hutoka kwenye udongo na hujenga vijia vya matope wasiguse hewa. Meza ikikaa kwenye sakafu ya saruji isiyo na nyufa, ikiachwa upana wa kiganja kutoka ukutani, na wewe ukichungulia chini yake kila unapodeki, utawaona kabla hawajafika mbali. Ukitaka kuongeza dawa, tafuta ile ya mbao yenye boroni kwenye duka la vifaa vya ujenzi linaloaminika. Hiyo hupakwa kabla ya vanishi na inafaa mahali pakavu tu, kwa kuwa maji huiosha. Soma maelekezo kwenye chupa, na mtoto awe kwa jirani siku hiyo.

Kabla ya kuunganisha chochote, kausha. Paleti zilizolala nje Namanve zimekunywa mvua, na ubao mbichi hudanganya. Ukikauka husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu karibu haubadiliki kabisa. Ndiyo maana meza iliyopigwa misumari ikiwa na maji leo, baada ya mwezi mbao zake zinaachana na nyingine zinajikunja kama kigae. Zipange mbao chini ya veranda, si juani, ukitenganisha kila safu kwa vijiti ili hewa ipite. Utajuaje zimekauka bila kipimo cha fundi? Chukua ubao mmoja, uweke alama, uupeleke kwenye mizani ya duka la jirani kila Jumamosi na uandike uzito. Wiki ambayo uzito haushuki tena, umekauka. Msimu wa mvua inaweza kuchukua mwezi na zaidi. Vumilia.

Kufumua paleti ndiyo kazi inayowavunja watu moyo, na inawavunjia mbao pia. Misumari ya paleti nyingi ina mikunjo kama ya skrubu kwa makusudi, ili isitoke paleti inapotikisika lorini. Paleti ya kawaida ya Ulaya, ile ya sentimita 120 kwa 80, ina misumari 78. Ukiingiza mtaimbo chini ya ubao na kuukandamiza kwa nguvu, msumari hautoki. Ubao ndio unaopasuka, na hupasuka mwishoni, ambapo misumari imekaribiana na ukingo. Njia ya subira ni hii: inua ubao kidogo tu kwa mtaimbo mpaka upate mwanya, uingize wembe wa msumeno wa chuma, ukate misumari iliyo kati ya ubao na mguu wake. Vichwa vitabaki kwenye ubao, navyo utavitoa kwa kuvigonga kwa nyuma. Wakati mwingine mimi huviacha, kwa sababu vile vidoa vyeusi vya msumari vinapendeza kwenye rafu.

Kwa mtu anayeanza kuna njia rahisi zaidi. Usiondoe msumari hata mmoja. Kata kila ubao kwa msumeno wa mkono pembeni ya boriti inayoushikilia. Utapoteza ncha zenye misumari, lakini utabaki na vipande safi vya karibu nusu mita, na nusu mita ni urefu mzuri wa rafu na wa kibao cha makoti. Ile nguvu ambayo ungeimalizia kwenye mtaimbo ibakie kwa msasa.

Kabla ya msasa au randa, pitisha sumaku juu ya kila kipande. Sumaku ya spika mbovu inatosha, na mafundi wa redio hukuuzia kwa pesa kidogo. Msumari mmoja uliovunjikia ndani huharibu meno ya msumeno na unaweza kurushwa machoni, kwa hiyo vaa miwani ya kukinga. Vaa barakoa pia, ufanyie nje, mtoto asiwepo. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa watu wanaolivuta kwa miaka, na mapafu ya mtoto si ya kuyajaribia. Anza na msasa namba 80, nenda 120, malizia 180, na kila mara ufuate nyuzi za ubao. Pitisha soksi kuukuu ya nailoni juu ya kazi yako. Ikinasa popote, hapo kuna kibanzi kinachomsubiri mtoto.

Kibao cha makoti ni cha asubuhi moja: vipande viwili vimeunganishwa kwa nyuma na vipande vifupi viwili, gundi nyeupe ya mbao na skrubu, kulabu nne mbele. Kitundike juu ambapo mkono wa mtoto hautafika hata akianza kusimama.

Rafu inadai mawazo zaidi, na ugumu wake uko ukutani. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa plasta unatoa sauti nzito. Toboa kwa drili, vuka plasta uingie kwenye tofali lenyewe angalau sentimita nne, ingiza kile kiplastiki cha kushikia skrubu, ndipo ufunge. Skrubu iliyoishia kwenye plasta itashikilia rafu tupu kwa wiki mbili, kisha itang'oka na kipande cha ukuta siku utakayoweka sufuria. Ukisikia mwangwi, ni matofali yenye matundu. Ukisikia mchanga ukiporomoka ndani, ni tofali bichi la udongo, na hapo usitundike kitu kizito. Tengeneza rafu ya kusimama sakafuni na uifunge juu kwa chuma cha pembe isimwangukie mtoto akijivuta kusimama. Na kwa kuwa umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya drili, usisubiri aone matundu.

Meza ndiyo nyepesi kuliko zote kwa sababu paleti tayari ni meza. Ikate moja ya HT katikati, bandika nusu moja juu ya nyingine, funga kwa skrubu ndefu kutoka chini. Ninachokuomba ni mawili. Ziba nafasi za juu kwa mbao za ile paleti ya pili, maana mwanya unaoruhusu kidole cha mtoto kuingia ni mtego. Na zungusha pembe zote nne kwa msasa mpaka ziwe kama ncha ya kidole gumba. Mtoto wa miezi tisa anaanguka mara nyingi kwa siku, na urefu wa meza hiyo ni sawasawa na paji la uso wake.

Kumalizia, chagua vanishi ya maji, tabaka tatu nyembamba, ukipiga msasa laini kati ya tabaka na tabaka. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanachacha, yananata, yanaita sisimizi. Wengine watakupa mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, nayo ni mazuri, ila kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa kwenye kona. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kimewahi kuwasha moto chenyewe. Kitandaze nje kwenye kamba mpaka kikakamae, au kiloweke majini.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ukijichoma na msumari, hata kidogo, osha kwa maji mengi na sabuni, uende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Watu husema kutu ndiyo inayoileta. Hapana, ni vijidudu vya udongoni, navyo hustawi kwenye kidonda chembamba kirefu kisichopata hewa, hata kama msumari unang'aa. Mtoto akila vanishi au dawa ya mbao usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali ukiwa umeibeba chupa yenyewe. Ukikuta vijia vya matope kwenye kuta au fremu za milango, hilo ni tatizo la jengo zima. Mwite mwenye nyumba na mtu wa kazi hiyo aje aone. Na kama mkono wako haujazoea drili, mlipe fundi kwa nusu saa ya ukutani tu. Huyohuyo wa mtaani anafaa, ukimwambia oili abaki nayo gereji.

Vanishi ikikauka kwa kuguswa usidhani imekomaa. Harufu yake ndiyo itakayokwambia. Iache meza kwenye veranda wiki tatu hivi, uinuse asubuhi kabla jua halijapiga, na siku utakayosikia ubao mtupu, iingize ndani.